Jela Iliyogeuka Maktaba

Wanafunzi wapenzi, Ngome ya Lamu ilimalizika kujengwa mnamo 1821. Baadaye ikawa jela hadi 1984. Kisha ikafanywa makumbusho, na ndani yake mkawekwa maktaba. Palipofungiwa watu, vikafunguliwa vitabu.

Lakini urithi wetu haumo ngomeni peke yake. Mababu zetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na baadhi ya miswada ingali majumbani, ikiliwa na mchwa. Nyinyi herufi hizo mnazijua tangu alifu na be. Basi kaeni na babu na bibi, muisome na kuinakili wangali hai. Nanyi wazazi, tunakuombeni msiichome. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni kusoma.