Kwa Katibu Mpya wa Mwethya

Wote, Makueni

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba kikundi chenu cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, huko Kitui kimekuchagua uwe katibu, na kwamba mnataka kuomba fedha za bwawa la mchanga. Mama yako ameniambia unakesha ukijifunza Kiingereza cha miradi. Jifunze, mwanangu, maana fedha nyingi za tabianchi, zikiwemo za mpango wa kitaifa wa FLLoCA zinazopitia kaunti, huombwa na kukaguliwa kwa lugha hiyo. Ila nakusihi, lijue jambo lenyewe kule mtoni kwanza, ndipo ulitafutie neno.

Chukua maneno matatu yanayowachanganya wengi: "output", "outcome" na "impact". Ukuta wa mawe na saruji uliokitwa kwenye mwamba ni "output", yaani kitu mlichojenga. Mto ukishajaza mchanga nyuma ya ukuta huo, na mama akachota maji karibu na nyumbani mwezi wa Septemba, hiyo ni "outcome". Miaka ikipita, watoto wakawa hawakosi shule kwa ajili ya kuteka maji na bustani za mboga zikadumu, hapo ndipo pa kusema "impact". Ukiahidi hilo la tatu litimie mwaka wa kwanza, mfadhili atakurudishia karatasi, na atakuwa na haki.

Lengo nalo liwe la kupimika. Usiandike kwamba mradi utainua hali ya maisha, ukakomea hapo. Taja mto, idadi ya kaya, na umbali ambao watu huenda kuteka maji wakati wa kiangazi. Umbali huo wa leo ndio "baseline". Upime kabla jiwe la kwanza halijawekwa, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha baadaye.

Ratiba ya kazi ifuate mvua zetu. Ukambani tunategemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mawe yakusanywe, msingi uchimbwe na ukuta ukamilike kiangazi. Kwenye bajeti, usisahau jasho. Mawe, mchanga na siku ambazo wanakikundi watafanya kazi vina thamani ya shilingi. Viandike kama mchango wa jamii. Watu wasioandika jasho lao huonekana kama waombaji watupu, na nyinyi si waombaji watupu.

Soma kazi za waliotangulia. Shirika la SASOL, lililoanzishwa mwaka wa 1990, limejenga mamia ya mabwawa ya mchanga hapo Kitui pamoja na wanavijiji. Ripoti za kazi kama hizo zitakufundisha msamiati zaidi kuliko orodha ya maneno, kwa sababu humo kila neno limeshikamana na kazi. Wala usione haya kuandika majina yetu ya kienyeji. Matuta ya fanya juu yamo katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, na jina lake ni hilohilo.

Sentensi zako ziwe fupi, na kila moja imtaje mwenye kazi: nani atakusanya mawe, nani atatunza fedha, nani atakarabati ukuta ukipasuka. Kiingereza cha ofisini hupenda kumficha mtendaji, na mtendaji akifichwa, lawama hukosa mwenyewe siku mambo yakiharibika.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: kabla mwenyekiti na mweka hazina hawajatia sahihi, keti na kikundi chote uwasomee ombi hilo kwa Kikamba, kifungu kwa kifungu. Wao ndio watakaobeba mawe, basi wana haki ya kujua umeahidi nini kwa niaba yao. Mama mzee akisema, "Hapo hatuwezi," futa uandike upya, hata kama sentensi ilikuwa nzuri kiasi gani. Kiingereza utakachobaki nacho baada ya hapo kitakuwa cha kweli, na mkaguzi akija hamtakuwa na la kuogopa.

Nitumie rasimu ya kwanza mapema, tuipitie pamoja.

Wasalimie wote nyumbani.

Shangazi yako akupendaye