Kompyuta Mbili Katika Kasha Moja: Umeme Utoke Wapi?

Ndugu msomaji, huenda wewe ni miongoni mwa wazazi wanaoamini kwamba habari za kompyuta ni za vijana, na kwamba mtu mzima akiisha kutoa fedha yake, kazi yake imekwisha. Mimi ni mwalimu mstaafu, wala sina haja ya kujifanya fundi. Hata hivyo nakuomba unisikilize leo, kwa kuwa jambo ninalokuletea ni la kompyuta kwa jina tu. Kwa hakika ni jambo la fedha ya nyumba, la usalama wa nyumba, na la ndugu wawili wanaotafuta riziki katika chumba kimoja bila ya mmoja kumkatia mwenzake kazi.

Hapa kwetu Makoko, pembeni mwa mji wa Musoma, binti yangu na mpwa wangu wana duka la kupiga chapa na kutoa nakala, lile ambalo siku hizi huitwa stesheneri. Chumba chenyewe hakizidi hatua nne kwa nne. Watu huja na barua za maombi ya kazi, fomu za shule, katiba za vikundi na hesabu za harusi. Kila mmoja wa vijana hawa ana kompyuta yake, zote mbili zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo kabla ya kutufikia. Kasha la mpwa wangu lilikuwa limeliwa na kutu, maana hewa ya ziwa haina huruma na bati. La binti yangu ni kubwa, la zamani, lenye nafasi ya kuweka hata debe la unga. Basi likazuka shauri: madabodi zote mbili zikae ndani ya kasha hilo moja, lifungwe kwa mnyororo na kufuli ukutani, na meza ibaki wazi kwa wateja.

Usidhani kwamba ni wazo la ajabu. Yako makampuni duniani, kama Phanteks, yaliyotengeneza makasha maalumu ya kubeba kompyuta mbili. Seremala akikata bati vizuri, madabodi mbili hukaa bila kugusana. Ugumu ulikuwa katika kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai, yaani kile kisanduku cha chuma chenye feni, kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Je, inunuliwe moja kubwa ya kulisha zote mbili, au kila kompyuta iwe na yake?

Mpwa wangu alisema, "Mjomba, kasha ni moja, kwa nini umeme uwe wa mifereji miwili? Tununue moja ya wati 700 tumalize kazi." Binti yangu akamjibu, "Na siku hiyo moja ikiungua, mimi na wewe tutauza nini?" Nikaona kwamba wote wawili wanazungumza na mfuko wangu, na hivyo nina haki ya kuuliza maswali.

Kompyuta haitumii umeme wa ukutani kama ulivyo. Umeme unaotujia nyumbani ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Madabodi huhitaji umeme wa mkondo mmoja, uliotulia, wa volti 12, 5 na 3.3. Siku hizi mzigo mkubwa huwa juu ya ile njia ya volti 12, kwa kuwa ndiyo inayolisha prosesa, feni na mota za diski. Kwa hiyo anayechagua pawa saplai kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni sawa na anayenunua gunia kwa kutazama urefu wake bila ya kulinyanyua.

Nitakupa mfano. Chukua pawa saplai iliyoandikwa wati 500 kwa herufi nene. Tazama kibandiko chake upande ule wenye maandishi madogo, utafute mstari wa volti 12. Ukikuta ampea 18, zidisha 12 kwa 18, utapata 216. Hizo ndizo wati zitakazofika mahali zinapohitajika. Zilizobaki ni mapambo ya mchuuzi. Tulizunguka katika maduka mjini Musoma tukifanya hesabu hiyo kwa kalamu, na wauzaji wengine hawakufurahi kutuona.

Kisha ni lazima ujue kompyuta zako zinakula kiasi gani. Fundi wetu alikuja na mita ndogo inayochomekwa kati ya plagi na ukuta. Kila kompyuta, mtu akiandika barua tu, ilikula kama wati 35. Ikibanwa na kazi nzito ilifika karibu 90. Zote mbili kwa pamoja, basi, hazikuvuka 180. Juu ya hapo ongeza mshtuko wa kuamka, maana diski kubwa ya kuzunguka hudai kama ampea 2 za volti 12 kwa sekunde chache inapoanza, nazo ni wati 24 kwa kila diski. Wati 300 za kweli zingetosha zote mbili, na nafasi ingebaki.

Wati 700 za mpwa wangu zingekuwa na kasoro nyingine. Pawa saplai hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, na hupoteza zaidi mzigo wake unapokuwa mdogo mno. Tangu mwaka 2004 uko mpango uitwao 80 PLUS, ambao hupima pawa saplai zikiwa na mzigo wa asilimia 20, 50 na 100, na kudai kwamba angalau asilimia 80 ya umeme itoke upande wa pili ikiwa na manufaa. Kompyuta zetu, siku nzima ya kuandika barua, zingeila ile ya wati 700 kwa asilimia 10 tu, chini kabisa ya kipimo cha kwanza. Yaani mtu hununua yuniti za LUKU, kisha hulipasha joto kasha lake kwa hizo.

Hesabu hiyo ilinitosha kukataa ukubwa, lakini haikunitosha kukataa umoja. Kilichoniamulia ni waya mmoja wa kijani.

Zamani kompyuta ilizimwa kwa swichi iliyokata umeme wenyewe, kama taa. Intel ilipotoa utaratibu uitwao ATX mwaka 1995, mambo yalibadilika. Kitufe cha mbele hakikati umeme tena. Huipelekea madabodi ombi, na madabodi ndiyo inayoiamuru pawa saplai iamke, kwa kupitia waya wa kijani. Wakati wote wa kulala, waya mwingine wa zambarau huendelea kupeleka volti 5 kidogo, ili madabodi iwe na uhai wa kusikia kitufe. Ni mazungumzo ya wawili, kama mtu na mlinzi wake wa mlangoni.

Sasa waweke watu wawili na mlinzi mmoja. Ukiunga waya wa kijani kwenye madabodi ya kwanza tu, ya pili haiwezi kuamka bila ya idhini ya mwenzake, na ya kwanza ikizimwa, ya pili huanguka papo hapo na barua ya mteja ndani yake. Ukiunga zote mbili, yeyote akibonyeza kitufe umeme hufurika pande zote, hata kwenye madabodi ambayo mwenyewe anadhani imezimwa na huenda amefungua kasha kuingiza mkono. Wako mafundi wanaoziba pengo hili kwa vidayodi na rilei, na Phanteks niliyoitaja imewahi kutoa kifaa cha kugawa umeme wa pawa saplai moja ili kila kompyuta iwashwe na kuzimwa peke yake. Kifaa hicho hatukukikuta katika maduka ya hapa. Na ile kazi ya vidayodi, kwa maoni yangu, inafaa karakana ya mtu anayejifunza. Haifai duka ambalo mama amesimama mlangoni akisubiri fomu ya mwanawe itoke kabla ya saa tisa.

Basi tukaamua pawa saplai mbili ndogo, za wati 250 za kweli kila moja, zinazoishi katika kasha moja bila ya kuulizana. Moja ilikaa mahali pake pa kawaida kwa nyuma. Ya pili, ile nyembamba, fundi aliifunga chini kwa skrubu na kuitobolea njia yake ya hewa. Kila moja ina waya wake, kitufe chake na mwenyewe wa kuilipia.

Hapa nikuonye kidogo. Ukinunua pawa saplai iliyotolewa katika kompyuta kuukuu ya ofisi, hesabu matundu ya plagi yake kabla ya kutoa fedha. Ile ya kawaida ina matundu 24. Kampuni kubwa kama Dell na HP mara nyingi hutumia plagi zao wenyewe, na ziliwahi kuwapo plagi za Dell zilizofanana na za kawaida kwa umbo huku nyaya zake zikiwa zimepangwa vingine. Ukichomeka hiyo bila kujua, madabodi inaweza kuungua hapo hapo.

Na mguu wa tatu wa plagi usiukate. Najua ekstensheni nyingi za mitaani hazina waya wa ardhi, na watu wameishi nazo. Lakini pawa saplai mbili zilizofungwa katika bati moja hufanya bati hilo kuwa mali ya wote: hitilafu ya moja hufika kwenye mkono wa anayegusa nyingine. Sisi tulizichomeka katika ekstensheni moja nzito yenye waya wa ardhi, na ndani ya kila plagi tukaondoa fyuzi ya ampea 13 tukaweka ya 5. Kompyuta ya wati 90 haina kazi na ampea 13.

Anayeishi kando ya Ziwa Victoria ana adui mwingine ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji. Vile vidudu vya ziwani, ambavyo huinuka juu ya maji kama moshi na kukimbilia kila palipo na taa, huvutwa na feni na kusagika ndani. Feni mbili huvuta maradufu. Binti yangu ameweka wavu mbele ya matundu na huusugua kila Jumamosi. Wavu ukiachwa uzibe, ni afadhali usingekuwapo.

Limebaki la kukatika kwa umeme. Msomaji wa umri wangu hatasahau mgao wa mwaka 2006 na wa 2011. Tangu Bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115, huko mto Rufiji, lianze kuzalisha umeme mwaka 2024, taifa lina umeme mwingi kuliko wakati wowote uliopita. Hata hivyo upepo wa ziwa ukiangusha nguzo mtaani, megawati hizo hazikusaidii jioni hiyo. Tulinunua UPS moja kwa kompyuta zote mbili na skrini zake. Nayo ina hila yake ya namba: iliyoandikwa VA 650 hutoa kama wati 360 hadi 390 tu, na kwa dakika chache. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi barua na kuzima kwa heshima.

Kama duka lingekuwa mahali pasipofika nguzo, ningeshauri vingine kabisa. Wavuvi wa dagaa, ambao zamani waliwasha karabai, wengi sasa huwasha taa za betri, na mantiki yao ni nzuri. Betri ya volti 12 ukiipitisha kwenye inveta ili uupate umeme wa volti 230, kisha pawa saplai iushushe tena hadi volti 12, unalipa ushuru mara mbili: inveta ikipitisha asilimia 85 na pawa saplai asilimia 80, kinachofika ni asilimia 68. Mwaka 2009 Google ilionyesha hadharani kwamba kila kompyuta katika mabohari yake ina betri yake ya volti 12 pembeni. Viko vibao vidogo vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi na kupokea umeme wa betri kuanzia volti 6 hadi 30. Hivyo ndivyo vya kununua, kimoja kwa kila madabodi, kwa kuwa betri inayochajiwa hupanda kupita volti 14 na madabodi haipendi hivyo. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Usiitumie zaidi ya nusu kama ni ya asidi, na kompyuta mbili kama zetu, zikiandika barua, zitakwenda saa saba au nane, bila kuhesabu skrini.

Kasha letu lina miezi kadhaa sasa. Fedha haikupungua sana, maana pawa saplai mbili ndogo zilitugharimu karibu sawa na ile moja kubwa. Juzi mpwa wangu alinidokeza kwamba anatazama chumba huko Bunda, afungue duka lake mwenyewe, na kwamba atafungua skrubu nne tu aondoke na madabodi yake na umeme wake. Binti yangu amekwisha kumwambia kwamba skrubu ni za kasha.