Sehemu ya 9: Siku Land Rover ya babu ilipoingia barabarani

Najua niliahidi kuongelea uji wa mtoto wa miezi sita. Utakuja. Leo naomba nianze na jambo la nyumbani kwangu, maana nimelibeba wiki tatu na sijisikii vizuri kukaa nalo peke yangu.

Marehemu baba mkwe alikuja Mlimba enzi za kujenga reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Reli ikaisha, yeye akabaki, akalima mpunga. Baadaye akanunua Land Rover 109 pikapu kwenye mnada. Ilibeba mpunga, mabati, maiti, wajawazito, kila kitu. Alipofariki ikasimama chini ya mwembe mpaka kuku wakatagia ndani.

Baba watoto akaamua ataifufua. Miaka mitatu, mama zangu. Spea zinatoka Dar kidogo kidogo, mshahara ukiingia fundi naye kaingia. Bodi yake ni aluminiamu, haikuwa na kutu, lakini chasisi ni chuma na ililiwa sehemu kadhaa, ikachomelewa upya. Injini ikashushwa, ikafunguliwa yote. Mwishowe ikapigwa rangi ya kijani na paa jeupe. Ilipendeza, sitasema uongo.

Jumamosi ya kuitoa barabarani, nyumba ilijaa kama kuna kipaimara. Watoto wameogeshwa, wamevaa nguo za kanisani. Mpango wa baba watoto ulikuwa hivi: mimi nikae mbele nimpakate mdogo wetu wa miezi kumi na moja, mkubwa wa miaka saba akae nyuma kwenye bodi na binamu zake, tuende upande wa Chita kidogo halafu turudi.

Nikasema watoto wabaki.

Mama mkwe akaniangalia. "Mwanangu, huyo mumeo tulimtoa hospitali humo humo nimempakata. Si huyo hapo?"

"Ni kweli, mama."

"Basi."

Na nyie mnajua, mama mkwe akishasema basi mbele ya watu, huendelei. Nikapiga goti nikamwekea mtoto mapajani. "Mama, naomba leo wabaki na wewe. Tukirudi salama, safari ya pili ni ya kwako." Akampokea, lakini hakunijibu. Mkubwa akalia. Baba watoto akaingia kwenye gari bila kusema neno, nikajua nimemharibia siku aliyoisubiri miaka mitatu.

Msije mkadhani niliona hatari. Sikuiona. Ni mazoea ya wodini tu. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, hata kama anacheka, hatumwachii aende nyumbani siku hiyo hiyo. Tunamlaza, tunapima presha, tunaangalia kama anavuja damu. Nikaona na hii gari imetoka kwenye upasuaji.

Fundi akatupa dumu la maji la lita kumi, akasema rejeta ikipata joto tusubiri ipoe ndipo tuongeze. Mbele hapakuwa na pa kuliweka, nikalipakata.

Tukatoka. Mlima Udzungwa kushoto, mashamba ya mpunga kulia, injini inanguruma vizuri, watu wanapunga mikono. Spidi haikufika hata 40. Baba watoto akaanza kutabasamu, na mimi nikaanza kujilaumu: mbona ningewaacha tu watoto wafurahi.

Mbele kuna bonde, kijito kinakatiza barabara. Tukapita majini polepole, tukapanda, kisha tukaanza kuteremka tena. Kule chini mzee anavusha baiskeli yenye magunia mawili. Baba watoto akakanyaga breki, gari haikushika. Magari haya ya zamani breki zake ni za madramu, na maji yakiingia mle ndani hazishiki mpaka zikauke. Akakanyaga tena kwa nguvu, na safari hii pedali ikazama mpaka chini.

Sikupiga kelele. Nilikumbatia dumu.

Akashusha gia, akavuta breki ya mkono. Kwenye Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja, inashika shafti inayozungusha tairi za nyuma, kwa hiyo ukiivuta gari inatembea inarukaruka vibaya. Akakata kona kumkwepa mzee, tukaingia kwenye tuta la mchanga pembeni. Tukasimama kwa mshtuko.

Dumu lilichomoka. Na nilikuwa nimelishika kwa mikono yote miwili, mama zangu, nimelikumbatia kifuani. Lilipiga dashibodi, kizibo kikaruka, maji yakatumwagikia. Mkono wangu ulivimba siku nne. Mzee wa baiskeli alikuwa mzima, sisi wazima, gari ina mkunjo mdogo tu mbele.

Lita kumi za maji ni kilo kumi. Kliniki ya mwezi ule mdogo wetu alikuwa na kilo tisa na nusu.

Baba watoto aliliangalia lile dumu muda mrefu. Akasema, "Ungekuwa umempakata..." Hakumalizia.

Fundi alipofika na bodaboda alilala chini ya gari, akatuonyesha: mpira mmoja wa breki wa zamani umepasuka. Mfumo wa gari hii ni mmoja kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mafuta yakivuja sehemu moja, breki zote zinaondoka.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mwezi mmoja kabla, fundi alitaka hela ya mipira mipya. Wakati huo rangi ilikuwa haijanunuliwa. Mimi, nesi, ndiye niliyesema tumalize rangi kwanza, ile mipira mbona haivuji. Hela ya rangi ilitoka kwenye pochi yangu. Nilitaka ipendeze kwenye picha.

Kwa hiyo siandiki kama mwenye akili kuliko nyie. Naandika kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Yashikeni haya. Mikono ya mama si mkanda. Gari ikigonga mti kwa spidi 40 na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo kumi anachomoka kwa uzito wa zaidi ya kilo mia. Ni gunia la mpunga, na hakuna upendo unaoweza kulizuia. Usifunge mkanda mmoja ukamzungushia na mtoto uliyempakata, mwili wako utambana. Watoto wasikae nyuma kwenye bodi ya pikapu, hata "hapo karibu tu". Gari iliyotoka gereji, mpya au ya zamani, ijaribiwe kwanza na watu wazima.

Mjamzito, funga mkanda: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, wa juu upite katikati ya matiti, pembeni ya tumbo. Na gari ikisimama kwa kishindo tumbo likagonga, nenda kituo cha afya hata kama unajisikia mzima. Ukiona damu, maumivu, au mtoto amepunguza kucheza, usisubiri kesho.

Mipira yote imebadilishwa. Gari imejaribiwa mara tano, mara mbili ikiwa na mzigo. Viti vya mbele sasa vina mikanda, na Jumapili iliyopita nilitimiza ahadi: mama mkwe alipanda kwenda kanisani. Kabla ya kuondoka alilikuta lile dumu kibarazani, limejaa. Akalinyanyua, akalipakata kidogo, akalirudisha chini taratibu.

"Wewe mtoto," akaniambia, "nifunge huo mkanda."

Mdogo wetu hajaipanda bado. Mkubwa ameruhusiwa kupiga honi ikiwa imezimwa uani, na anaipiga mpaka majirani wamechoka.

Uji unakuja sehemu ya kumi. Laleni salama.