Kusaka hazina ziwani, jembe liache nyumbani!

Wiki hii hatuendi disko. Tunakwenda Mwanza, mji wa mawe, kusaka hazina pembeni mwa Ziwa Victoria.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kikopo chenye kidaftari, anatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti, na wewe na simu yako yenye jipiesi unakisaka. Ukikipata unaandika jina na tarehe, kisha unakirudisha palepale. Basi! Utajiri hakuna, ila miguu itanyooka.

Ulianza Mei 3, 2000 huko Oregon, Marekani, siku moja tu baada ya serikali ya kule kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia. Jamaa mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini, ndani mna vitabu na hata kopo la maharage. Siku hizi maharage marufuku! Chakula kinaita wanyama.

Sheria nyingine ni hizi: usichimbe, kopo lisikae chini ya mita 161 kutoka kopo jingine, ukichukua kizawadi cha ndani weka chenye thamani ileile au zaidi, na kubwa kuliko zote, omba ruhusa kwa mwenye eneo.

Sasa Mwanza inaingiaje? Mimi nilipanda boti pale Capri Point kwenda Saanane, safari ya dakika chache tu. Kisiwa hiki kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ukubwa wa hifadhi yote ni kilometa za mraba 2.18 tu, lakini kuna swala, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na kenge wa kukutoa mbio.

Nikamwuliza askari mmoja mtu mzima, "Shikamoo mzee, naweza kuficha kikopo hapa?"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Kijana, hapa huachi kitu na huondoki na kitu. Piga picha, nenda nyumbani."

Mzee kasema kweli, tena hata hifadhi za taifa za Marekani hazitaki makopo yafichwe ovyo. Lakini mlango haujafungwa, washikaji! Tangu 2004 kuna aina ya mchezo huu isiyo na kopo kabisa. Unafika kwenye mwamba, unajibu maswali ya jiolojia, unatuma majibu. Na kwa mawe, nani ataishinda Mwanza? Miamba yake ya matale ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiwe la Bismarck pale majini, linaloonekana kama litaanguka kesho, limechongwa na jua, mvua na upepo. Anayetaka kuandaa swali la namna hiyo Saanane, aanze ofisi ya hifadhi.

Kopo la kweli litafute nafasi kwenye bustani za wazi za mjini, kwa ruhusa ya halmashauri. Kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo usijenge wala usikate mti ili upate maficho. Usilifunge kwa rambo, mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Andika juu yake kwa Kiswahili kwamba ni mchezo. Ukiacha boksi lisilo na maelezo karibu na bandari, watu watadhani bomu. Ukilifunga kitambaa chekundu, watadhani mambo ya kienyeji. Vyote viwili vitakuletea kesi.

Nasisitiza kwa sababu moja. Sehemu za ufukweni ambapo kijana asiye na hela ya hoteli anaweza kukaa akatazama maji ni chache, na kuta zinaongezeka. Mchezo huu unatupa sababu ya kwenda huko kwa miguu, bila bia na bila fujo. Boksi moja la mjanja asiyeomba ruhusa likizua taharuki, tutafukuzwa wote, na mama muuza karanga naye atakosa wateja.

Kwa hiyo ukifika Mwanza, chaji simu, vaa raba, beba kalamu. Ukikuta takataka njiani, okota, wachezaji wa dunia nzima hufanya hivyo. Tukutane wiki ijayo!