Ganda Tupu la Risasi

Desemba iliyopita binamu yangu anayeishi Texas, Marekani, alikuja Kinondo kututembelea baada ya miaka 11. Siku ya pili yake tulikuwa tumekaa barazani tunakunywa chai kwa mahamri, mara kima wakashuka kutoka upande wa msitu wa Kaya, wakaingia shambani na kuanza kuvunja mahindi ya mama. Wapwa zangu wakatoka mbio na manati zao. Mawe matatu manne, kima wakarudi mitini na mahindi yao kwapani.

Binamu akacheka. "Kwetu wanyama wasumbufu hawafukuzwi kwa mawe," akasema.

Basi hapo ndipo mazungumzo ya risasi yalipoanza. Huko aliko, alitueleza, mtu mzima huketi sebuleni, akaagiza risasi mtandaoni na kulipa kwa kadi ya benki. Baada ya siku chache kifurushi huletwa mlangoni kama shati. Si kila jimbo linaruhusu hivyo, lakini mengi yanaruhusu. Ubaya wake ni uzito, kwa kuwa risasi ni madini na msafirishaji hutoza kwa kilo. Kisha mwaka 2020, wakati wa korona, watu walizigombania hata maduka yakabaki rafu tupu. Hapo ndipo jirani yake alipomshawishi ajifunze kujaza zake mwenyewe, kama wafanyavyo wawindaji wengi wa kule.

Mama akauliza, "Kwani risasi hujazwa upya kama mtungi wa gesi?"

Naam, hujazwa. Kinachoruka ni kile kichwa tu. Baruti huungua, fataki iliyo kitakoni huharibika, lakini ganda la shaba hubaki zima, na ndilo aghali kuliko vyote. Binamu huyaokota maganda yake, huyasafisha, na Jumamosi hujifungia gerejini na mashine ya mkono na mizani ndogo. Nikamuuliza kama ameokoa pesa. Akajikuna kichwa. Vifaa vilimgharimu, na mwaka ule ule fataki nazo zilikuwa adimu. Sasa kila moja humtokea rahisi, lakini anapiga nyingi kuliko zamani, hivyo mwisho wa mwezi hesabu ni ile ile. Mama alimwelewa upesi. Mahamri ya nyumbani nayo ni rahisi kuliko ya kununua, ila watu hula mara mbili.

Kwetu mambo hayo hayapo, msomaji. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka cheti cha bunduki na cha risasi zake pia, tena idadi yake huandikwa. Kwa raia wa kawaida wa Kinondo risasi si bidhaa ya kulinganisha bei.

Binamu akataka kutuonyesha. Akatoa funguo zake mfukoni. Zilining'inia kwenye ganda tupu la shaba, limesuguliwa likang'aa. Wapwa zangu wakaligombania. Mama akanyamaza, akainuka, akaingia ndani.

Mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa na umri wa miaka minane Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kundi la watu lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kutoroka na bunduki na risasi. Watu wengi wakauawa, hasa wenzetu waliotoka bara, na maelfu wakakimbia makwao. Ghasia zikaenea hadi huku Kusini. Kisha ukaja msako misituni na majumbani, na wanaume wakawa hawalali ndani.

Siku moja nikitoka chuoni niliokota ganda kando ya njia. Nilifurahi mno. Nikalipuliza mdomoni likalia kama filimbi, nikalipuliza njia nzima hadi uani. Mama alinipokonya na kunizaba kofi. Hajapata kunipiga tena usoni tangu siku ile. Baba hakusema neno. Alilichukua, akalitumbukiza chooni, kisha akachota mchanga uani ndoo mbili, akaumwaga juu yake. Usiku ule tuliposikia gari barabarani alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama lilikuwa moja tu. Nilimwambia moja. Akaniuliza tena.

Binamu alikuwa Nairobi miaka ile, hakuyaona hayo, nami sikumsimulia jioni ile mbele ya watoto. Asubuhi alipotafuta funguo zake alizikuta juu ya meza, zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani. Alimtazama mama. Mama alikuwa ameinamia sinia, akikanda unga wa mahamri.

"Kaa unywe chai, mwanangu," akamwambia.