Maji Hayaendi Bure Baharini

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Newala, nenda siku moja usimame mahali paitwapo Shimo la Mungu. Utaona uwanda umekatika ghafla mbele ya miguu yako, na mbali kule chini bonde la Ruvuma limetandazwa kama mkeka. Hapo juu uliposimama hakuna mto hata mmoja. Mvua hunyesha, lakini mchanga huinywa yote. Maji husafiri gizani ndani ya ardhi, kisha hutokeza kama chemchemi kwenye miteremko na mabondeni.

Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alihadithiwa kwamba babu wa kwanza wa Wamakonde alipokuwa mtoni mtoto wake alizaliwa akiwa amekufa. Akahamia bonde lingine, na wa pili naye akazaliwa akiwa amekufa. Aliporudi juu uwandani, wa tatu akaishi, ndipo akausia kizazi chake kisikae mabondeni. Natamani kujua mama wa watoto wale alisema nini siku ya kwanza alipotumwa maji. Wazee wetu walichagua uzima, na gharama yake wakaibeba wanawake vichwani, kwa kushuka alfajiri na kupanda jua likiwa kali. Katika miaka ya 1950 ukaja mradi wa maji wa Makonde, na mashine zikayapandisha maji kutoka bondeni. Hata leo, mashine zikisimama, ndoo hurudi kichwani. Masasi nao hutegemea chemchemi za Mbwinji, pamoja na wenzao wa Nachingwea.

Nayasema haya kwa sababu ya mjomba wangu. Ana shamba bondeni, karibu kabisa na chemchemi. Amefyeka miti iliyoizunguka, akachimba mfereji, akapanda migomba na nyanya. Kiangazi kilichopita akina mama wa vitongoji vya chini walikuta tope. Kikao cha ukoo kilipokaa, mjomba alijibu kwa utulivu: “Maji haya yanakwenda zake baharini bure. Kuna ubaya gani nikiyakinga?” Kwetu mjomba habishiwi hovyo mbele za watu. Nilinyamaza kwa adabu, lakini jibu ninalo.

Utazame Ruaha Mkuu. Mto ule ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, hata ulipofika mwaka 1993 ukakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo kukauka kwake kumekuwa jambo la kawaida. Kisa chake kiko juu, katika bonde la Usangu, ambako mifereji ya mpunga iliendelea kuvuta maji hata wakati yalipokuwa haba. Viboko walibaki wakisongamana katika vidimbwi. Hakuna mkulima hata mmoja aliyekusudia kuukausha mto. Kila mmoja alichukua kidogo, kama mjomba.

Mto huohuo hushuka hadi bwawa la Mtera, lililojengwa ili kituo cha Kidatu kipate maji ya kuzungusha mitambo. Wewe uliyekaa gizani Dar es Salaam wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006, bwawa lilipopungukiwa kwa ukame, unajua thamani ya maji ya mto usiopata kuuona.

Na hayo yanayofika baharini, je, yanapotea? Waulize watu wa Rufiji. Mafuriko huwaachia rutuba wanayolimia mlau. Maji matamu yakikutana na ya chumvi deltani, mikoko hustawi na kamba wachanga hukulia humo. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, limekaa juu ya mto huo. Umeme wake tunauhitaji, sikatai. Lakini yafaa aliyeshika mlango wa maji awakumbuke walio chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za kingo za mto. Mjomba yumo ndani ya hatua ishirini. Lakini nyanya zile ndizo zinazolipia sare na madaftari ya wajukuu wake watatu, na anayemwambia ang'oe migomba sharti aje na shauri lingine mkononi. Mimi nimejitolea kununua miche ya mikorosho apande huko juu.

Amekubali mfereji ufungwe usiku, ili akina mama wakute maji alfajiri. Kuhusu miti aliyoifyeka bado hajasema neno, na kikao kingine kimewekwa baada ya mavuno ya korosho.