NYOTA SITA ZA DAWA MSETO (Sehemu ya 9)

Leo naanza na kompyuta, msinikimbie. Tutafika kwenye dawa.

Mwanangu yuko kidato cha pili, anajifunza kuandika programu kwa Python. Juzi usiku alikuwa na zoezi: kompyuta itoe mistari mitatu, kila mstari nyota mbili. Nikamwambia, si uziandike tu? Akacheka. "Mama, hizi ni sita. Zikiwa elfu sita je?" Akanionyesha:

for mstari in range(3):
    for nyota in range(2):
        print("*", end=" ")
    print()

Anaita lupu ndani ya lupu. Yaani kurudia ndani ya kurudia. Ya nje inahesabu mistari, ya ndani inahesabu nyota. Ya nje haisogei mpaka ya ndani imalize nyota zake zote mbili. Ile end=" " inaiambia kompyuta ibaki kwenye mstari uleule, na print() tupu ya mwisho ndiyo inayoishusha mstari mpya.

Mara ya kwanza alikosea. Ile print() ya mwisho aliisogeza ndani sana, zikatoka hivi:

*
*
*
*
*
*

Nyota ni sita zilezile, hesabu iko sawa. Ila mistari imepotea.

Hapo nikamkumbuka mama mmoja, zamani, kituo nilichokuwa kabla ya kuja huku. Mtoto wake alikuwa na kilo 11, kipimo kikaonyesha malaria. Foleni ilikuwa ndefu. Nikampa vidonge 6 vya dawa mseto, nikamwambia harakaharaka "kimoja kimoja, asubuhi na jioni, siku tatu". Akaitikia, akaenda.

Baada ya wiki karudi, mtoto kalegea, anachemka. Alimpa viwili, homa ikashuka, vinne akavifunga kwenye pindo la kanga amtunzie mdogo wake. "Nesi, alishaanza kucheza, nikajua kapona."

Nilitaka kugomba jamani. Lakini kosa lilianzia kwangu. Vidonge sita nilimhesabia, siku sikumhesabia. Nilimpa nyota za kushuka chini, zisizo na mistari. Mtoto alilazwa, Mungu akasaidia akapona.

Sasa hivi kila mama anayepewa dawa mseto namchorea kwenye karatasi:

Siku ya 1:  *  *
Siku ya 2:  *  *
Siku ya 3:  *  *

Mtoto akimeza, unakata nyota moja. Hushuki mstari wa chini kabla ya kumaliza wa juu. Na huachi mpaka karatasi iishe, hata kama mtoto kaanza kukimbizana na kuku. Homa inashuka mapema, ila vimelea vya malaria vinaweza kuwa bado vimo kwenye damu.

Shika na haya:

Siku ya 1, nyota ya pili ni saa 8 baada ya ile ya kwanza. Siku ya 2 na ya 3, ni asubuhi na jioni, kila baada ya saa 12.

Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, kila nyota ni kidonge kimoja. Kilo 15 hadi chini ya 25, kila nyota ni vidonge viwili, jumla 12. Ndiyo maana tunampima uzito kwanza.

Mpe na chakula, maziwa au uji wenye karanga. Dawa inaingia vizuri zaidi mwilini.

Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi ile, kisha uje uongezewe isije ikapungua mwishoni. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, usisubiri kukicha, mlete.

Mwanangu kaniuliza kwa nini nimeipiga picha kazi yake. Nimemwambia kesho naenda nayo kazini.

Mwenye swali aandike hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.